Maji, Mafuta na Wembe: Habari za Kichwa cha Mwanamume katika Uzaramo

Mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam kwa njia ya Uwanja wa Ndege, akapita Gongo la Mboto na kupanda Pugu mpaka Kajiungeni, kisha akaiacha barabara ya Kisarawe na kushika ile ya Chanika, hukuta kando ya njia vibanda vya vinyozi vilivyofuatana, kila kimoja na kioo chake, kiti chake, mashine zake zilizoning'inizwa kwa waya, chupa ya spiriti, kopo la poda, na ukutani picha za vichwa vya vijana walionyolewa kwa mitindo ambayo majina yake hubadilika kabla picha haijachujuka. Maji, yakiwapo, yamo katika ndoo au katika dumu la lita 20, na aghalabu hayakutoka katika bomba, bali yalinunuliwa kwa mwenye kisima au kwa mwenye boza. Shampuu ama haipo kabisa, ama imo katika chupa moja itumiwayo kwa hesabu, kwa mteja aliyeomba na aliyekubali kulipia zaidi.

Mgeni aliyelelewa katika nyumba zenye maji ya moto ukutani na chupa tatu kando ya bafu aweza kudhani kwamba wanaume wa huku wamenyimwa jambo la lazima, na kwamba siku maji yatakapojaa katika kila mtaa, nao wataosha nywele kwa shampuu kila asubuhi kama yeye. Dhana hiyo ni ya haraka mno. Utunzaji wa kichwa cha mwanamume katika nchi hii ya Uzaramo na pwani yake ulikuwapo karne nyingi kabla ya chupa, ukawa na vyombo vyake, sheria zake na hata wadharau wake. Na sabuni, ilipofika, ilifika kama mgeni aliyekuta nyumba ina wenyewe.

Miongoni mwa habari za kale zilizoandikwa juu ya nywele za watu wa upande huu, iliyo kamili zaidi ni ya Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani pamoja na John Speke mwezi Juni 1857 kwenda kuyatafuta maziwa makuu, na ambaye kitabu chake juu ya safari hiyo kilitolewa London mwaka 1860. Burton hakuwapenda Wazaramo. Alikuwa amesikia habari za Maizan, afisa kijana wa Kifaransa aliyeuawa katika nchi yao mwaka 1845, na alikwisha kuonywa na kila mtu kwamba wakuu wa Uzaramo watamtoza hongo kwa kila kituo. Basi akaandika juu yao kwa kalamu kali, ya mtu anayepita upesi huku mkono u juu ya bunduki. Walakini jicho lake lilikuwa zuri kuliko moyo wake, na jambo alilolitazama alilitazama kweli.

Aeleza kwamba Wazaramo, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakitwaa udongo wa rangi ya ngeu wenye kumetameta, ulioletwa kutoka vilimani, wakauchanganya na mafuta ya ufuta au ya mbarika hata ukawa mzito kama asali, wakajipaka kichwani ukakifunika mithili ya kofia. Na kabla haujakauka, wakazivuta nywele kwa vidole zikawa misokoto midogo midogo iliyokizunguka kichwa kwa safu moja au mbili, ya juu ikipita juu ya masikio na ya chini ikipita chini yake. Urembo huo mwekundu juu ya ngozi nyeusi iliyong'aa ulimpendeza, ijapokuwa hakutaka kukiri bila ya kutia neno la kejeli. Kisha asema kwamba udongo ukishakauka huondolewa kwa taabu nyingi, kwa maji ya moto na kwa kuchambua kwa vidole pasipo kuchoka; na hapo ndipo alipoingiza dhihaka yake, kwamba kwa watu wale sabuni ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Dhihaka hiyo imeishi kupita kiasi cha thamani yake, kwa hiyo yafaa ipimwe. Udongo wa mfinyanzi una tabia ya kunyonya mafuta na uchafu ulioshikamana nayo, na Waingereza wenyewe walilijua jambo hilo karne nyingi kabla ya Burton, kwani wafuaji wao wa nguo za sufi walikuwa wakitumia udongo maalumu kuondoa shahamu ya kondoo katika kitambaa. Na sufi, tukiisema bila ya haya, ni nywele. Mzaramo aliyejipaka udongo na mafuta, akakaa nao siku kadha wa kadha, kisha akauondoa kwa maji ya moto, alikuwa ametenda kwa mpango mmoja mambo mawili ambayo siku hizi huuzwa katika chupa mbili: amekisafisha kichwa na amezilainisha nywele. Zaidi ya hayo alikuwa amejikinga na jua, na amejipamba. Kwamba kazi ya kuosha ilikuwa ngumu ni kweli, na ugumu huo ndio uliofanya isifanywe kila siku.

Wala si ajabu kwamba udongo ulitoka vilimani. Nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, kuanzia Pugu na kuingia Kisarawe, ni ya vilima vyenye udongo wa aina nyingi, na katika vilima hivyo vya Pugu, majirani wa Chanika, mna akiba ya udongo mweupe wa kaolini ambayo wataalamu wa madini huihesabu miongoni mwa zile kubwa duniani. Ule wa Burton ulikuwa wa rangi nyingine, na sitaki kuuchanganya na huu; lakini kaolini nayo husagwa ikawa unga laini na kutiwa katika dawa za kupaka usoni, na katika zile poda ambazo wanaume wa Ulaya hujinyunyizia kichwani siku wasiyotaka kuosha nywele, ili zinyonye mafuta. Wao huziita shampuu kavu.

Hapa sina budi kusema neno juu ya mwili wenyewe, maana pasipo hilo habari zifuatazo hazitafahamika. Ngozi ya kichwa ina tezi ndogo ndogo zitoazo mafuta kando ya shina la kila unywele. Kwa mtu mwenye nywele za singa mafuta hayo huteremka upesi kama maji katika bomba lililonyooka, na baada ya siku mbili tatu nywele zote huwa zimelowa mafuta na kulala kichwani, naye huona haja ya kuzisafisha. Kwa mwenye nywele za kipilipili, ambazo hujipinda na kujizungusha tangu shinani, mafuta yale hayafiki mbali. Shina hupata na ncha hukosa, na nywele huwa kavu hata kabla hazijaguswa na sabuni. Kwa hiyo mtu wa kwanza huhitaji kitu cha kuondoa mafuta, na mtu wa pili huhitaji kitu cha kuongeza. Ukimchukulia wa pili desturi ya wa kwanza, utamkausha kichwa mpaka nywele zikatike katika kitana. Wazaramo wa 1857 hawakuwa na elimu ya tezi, lakini walikuwa na mbarika.

Katika miji ya pwani, kuanzia Bagamoyo na Kaole mpaka Unguja, mambo yalikwenda njia nyingine. Huko mwanamume muungwana alikuwa akinyoa kichwa na kuvaa kofia, na kazi ya utunzaji ilimwangukia kinyozi na wembe wake. Mtoto alinyolewa nywele za tumboni katika siku za mwanzo za uhai wake, kijana alinyolewa alipoingia jandoni, aliyehiji alinyolewa huko Makka, na wafiwa walinyolewa katika msiba. Na desturi za namna hiyo ndizo alizoziandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Kichwa kilichonyolewa huhitaji maji na mafuta kidogo tu, na hata mithali ya kale imtakayo mtu atie maji aonapo mwenziwe ananyolewa yatuonyesha kilichokuwamo katika bakuli la kinyozi: maji matupu ya kulainisha.

Dini ya Kiislamu, iliyoshika mizizi pwani zamani mno, ilitia utaratibu katika jambo hili, na utaratibu wake una wizani wa kustaajabisha. Mwenye kutawadha hupaka kichwa kwa mkono uliolowa, na akitawadha kwa kila sala hufanya hivyo mara tano kwa siku. Mwenye janaba hana budi kuyafikisha maji mpaka kwenye mashina ya nywele. Na siku ya Ijumaa kuoga kumesisitizwa kwa aendaye msikitini. Kwa hesabu hiyo kichwa cha mwanamume mwenye kusali hupata maji kila siku, lakini sabuni haikutajwa kuwa sharti katika lolote la hayo. Tena katika hadithi zilizokusanywa na Abu Daud mna moja imwagizayo mwenye nywele azikirimu, na nyingine imkatazayo kuzichana kila siku pasipo kuacha siku baina, na ya tatu ikatazayo kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Unyoaji huo wa mwisho, ndugu msomaji, ndio denge na ndio panki na ndio kiduku, na kwa karne zote hizo makatazo hayo hayakuwazuia vijana hata msimu mmoja. Bali zile hadithi mbili za kwanza zikiwekwa pamoja hutoa shauri ambalo daktari wa ngozi wa leo hangelikataa: zitunze nywele, na usizichokoze.

Kwa wale waliofuga nywele au ndevu ndefu, hasa Waarabu wa Oman waliohamia Unguja na mrima, kulikuwa na majani ya mkunazi, ambayo yakikaushwa, yakasagwa na kukorogwa katika maji hutoa povu jepesi, husafisha na hayakaushi. Ni mti ule ule ambao majani yake hutiwa katika maji ya kumwoshea maiti, na pengine ndiyo sababu watu wengine wa pwani huona haya kuutumia mtu akiwa hai. Huko Oman haya hiyo haipo, na unga wa mkunazi huuzwa madukani mpaka leo kwa ajili ya kuoshea kichwa.

Na hiyo sabuni ambayo Burton aliona kukosekana kwake kuwa ni upungufu wa akili, ilikuwa na nasaba na pwani hii kuliko alivyopenda kufikiri. Katika miaka ile ile, kufuatia mkataba wa Ufaransa na Sayyid Said wa mwaka 1844, wafanyabiashara wa Marseille, miongoni mwao nyumba za Vidal na Rabaud, walikuwa wakileta merikebu zao Unguja na Lamu kununua ufuta, na baadaye mbata za nazi, wakavipeleka kwao kukamuliwa. Na mafuta yake yakachemshwa pamoja na magadi katika viwanda vilivyoipa sabuni ya Marseille sifa yake duniani. Basi ufuta uliolimwa mrima, ambao Mzaramo aliukamua akauchanganya na udongo, na ufuta uliopakiwa merikebuni ukarudi umekuwa mche wa sabuni, ulikuwa ufuta mmoja. Tofauti ilikuwa katika magadi na bei.

Nasaba ya nazi ilikwenda mbali zaidi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo loriki, na asidi hiyo ndiyo ambayo wakemia wa karne ya ishirini waliigeuza kuwa vile viungo vya kutoa povu viitwavyo sodiamu lorili salfeti na nduguze, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa shampuu nyingi za chupa. Mafuta yanayotiwa kichwani yakae, na dawa inayotiwa kichwani iyaondoe mafuta, zaweza kuwa zimetoka katika mnazi mmoja; na mwenye kununua vyote viwili hulipa mara mbili kwa vita ambavyo mnazi unapigana na nafsi yake.

Wajerumani walipoufanya mji wa Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, Pugu ilikuwa imekwisha kuonja ujio wao: wamishonari wa Kibenediktini walianza makao yao hapo mwaka 1888, na mwezi Januari 1889, katika vita vya Abushiri, yakavunjwa. Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905, ikapanda Pugu, ikafika Morogoro mwaka 1907, na pamoja nayo zikapanda bidhaa. Mwaka 1903 huko Berlin mkemia Hans Schwarzkopf alianza kuuza unga wa kuoshea nywele, nao ukawa maarufu upesi. Mwaka 1927 kampuni yake ikatoa shampuu ya maji. Lakini Mzaramo wa Chanika, ambaye alitawaliwa kutoka Berlin ile ile, hakuletewa unga huo. Aliletewa kodi ya nyumba, na kama alibahatika, sabuni ya mche.

Sabuni hiyo ya mche, iliyokatwa vipande dukani kwa uzi au kwa kisu, ilikaa katika nyumba za Waafrika muda wote wa utawala wa Waingereza na baada yao, ikifua nguo, ikiosha vyombo, ikiogesha mwili na kichwa kwa pamoja. Wavulana wa shule ya Mtakatifu Francis hapo Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, walikuwa wa kizazi cha nywele fupi zilizokatwa njia ubavuni, na njia hiyo ilikuwa alama ya msomi kama vile kalamu mfukoni. Sabuni ya namna hiyo ni kali, kwani uchungu wake wa magadi hupita sana kiasi kinachoelekeana na ngozi ya kichwa, ambayo kwa asili ina uchachu kidogo; na ikikutana na maji ya kisima yenye chumvi, haitoi povu ila huacha utando mweupe. Kila aliyeitumia alijua kwamba baada yake lazima yaje mafuta, ya nazi kwa aliye karibu na mnazi, au vaselini kwa aliyeweza kununua. Basi alijifunza mwenyewe kuosha kwa maji matupu siku nyingi, na kwa sabuni siku chache, na ujuzi huo haukuandikwa popote kwa sababu kila mama alikuwa nao.

Uhuru ulileta amri juu ya kichwa kama ulivyoleta juu ya mambo mengine. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963, na kijana aliyeripoti kambini alipoteza nywele zake siku za mwanzo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa siku ya kwanza ya Januari 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Nywele za afro, zilizowajia vijana kupitia majalada ya santuri za Kimarekani, zilitazamwa kwa jicho hilo hilo, na aliyezifuga alikuwa tayari kuitwa mhuni. Lakini mwenye afro alikuwa amejua siri moja: nywele zile hujaa vizuri zikiwa kavu kiasi na hazijaoshwa jana.

Kisha ikaja miaka ambayo hakuna mtu aliyehitaji kushauriwa apunguze sabuni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hazina ya fedha za kigeni ilikauka, viwanda vikakosa malighafi, na sabuni ikaingia katika orodha ya vitu adimu pamoja na sukari, mafuta ya kula na khanga. Watu walipanga foleni katika maduka ya ushirika tangu alfajiri, na wengi waliondoka mikono mitupu. Ndipo maarifa ya zamani yalipofufuliwa: majani ya mpapai yalipondwa yakafulia nguo, majivu yalichujwa maji yake yakawa magadi, na kichwa, ambacho chaweza kuvumilia kuliko shati, kiliachiwa maji na kunyolewa. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza kuwasaka waliohujumu uchumi, na miongoni mwa vitu vilivyokutwa vimefichwa ni sabuni. Ni wakati wa ajabu katika historia ya usafi, mtu kuogopa kukutwa na sabuni nyingi nyumbani kwake.

Mlango wa bidhaa za nje ukafunguliwa pole pole kuanzia mwaka 1984, na Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais mwaka 1985 ukafunguliwa zaidi, na kupitia mlango huo ikaingia kalikiti. Asili yake ilikuwa Marekani, ambako mwaka 1980 kampuni ya Comer Cottrell ilitoa boksi la dawa za kumwezesha mtu kujipinda nywele nyumbani kwa bei ndogo; huku kwetu wanaume waliokuwa mbele ya wakati, wanamuziki wa dansi, makondakta, watoto wa mjini wa Kinondoni na Temeke, waliipokea kama waliosubiri miaka. Dawa yake huvunja vifungo vya ndani ya unywele na kuvifunga upya katika umbo la mawimbi, na unywele uliofanyiwa hivyo hudai kulishwa majimaji yenye gliserini kila siku, ama sivyo hukauka na kukatika. Kola za mashati ziliingia doa, foronya ziliharibika, viti vya daladala vikapata alama. Mwanamume wa kalikiti alikuwa akitumia fedha nyingi juu ya kichwa chake kuliko baba yake alivyotumia maisha yake yote, na kwa sababu ya gharama hiyo hiyo hakuthubutu kukiosha ila kwa nadra. Sijui kama palipata kutokea mtindo uliofunza uchache wa kuosha kwa nguvu kuliko huo.

Shampuu nayo iliingia katika wimbi hilo, ikiwa imekwisha kuzeeka huko ilikotoka. Ile ya kwanza kutengenezwa kwa dawa za kemia badala ya sabuni na kuuzwa kwa wingi Marekani, iitwayo Drene, ilitoka mwaka 1934. Kabla ya hapo hata Wamarekani walikuwa watu wa subira, kwani mwaka 1908 gazeti la *New York Times* lilikuwa likiwashauri wasomaji wake kwamba kuosha nywele kila baada ya wiki mbili kwafaa, na kwamba mwezi mmoja mpaka wiki sita ni bora zaidi kwa mwenye nywele nzima. Kuosha kila siku kulikuja baadaye, pamoja na maji ya moto ya bomba, matangazo ya televisheni, na yale maagizo yaliyopigwa chapa nyuma ya chupa yamwambiayo mtu aoshe, asuuze, kisha arudie. Mwenye kuuza hakuwa na sababu ya kumwambia mnunuzi atumie kidogo.

Wakati chupa zikishuka bandarini, watu wa namna mbili walikuwa wakiendesha maisha ya nywele zao kama kwamba hazikuwapo. Wa kwanza ni Wamasai, ambao morani wao tangu zamani hufuga nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa ngeu na shahamu, mpaka siku ya eunoto ambapo mama humnyoa mwanawe. Na vijana wao waliokuja Dar es Salaam kwa ulinzi wamejipatia kazi ya pili ya kusuka, ya kike na ya kiume, kwa vidole vilivyozoea tangu porini. Wa pili ni marasta. Uvumi usemao kwamba rasta haoshi ni uongo wa watu wasiomkaribia: nywele zilizofungana huoshwa, lakini kwa vipindi virefu, na kazi iliyo kubwa ni kuzikausha mpaka ndani, kwa kuwa zikibaki na unyevu hunuka na kuota ukungu. Kwa hiyo huoshwa asubuhi ya siku ya jua. Kabla ya marasta wa huku, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarwa na Mlima Kenya walizifuga nywele za namna hiyo hawana sabuni, na picha ya kiongozi wao Dedan Kimathi aliyekamatwa Oktoba 1956, amelala chini na nywele zake zimesokotana, iliwafikia vijana wa Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya sauti ya Bob Marley.

Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na Chanika, ambayo zamani ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, imejaa nyumba za watu waliouza au kuacha vyumba vya Buguruni na Ilala ili wapate kiwanja. Mabomba yanawafuata pole pole. Mto Ruvu, unaolisha sehemu kubwa ya jiji, ulipopungua mwezi Oktoba wa mwaka huo wa sensa, mgao ulitangazwa hata kwa walio karibu na bomba kuu, na kwa wiki kadhaa mtu wa Masaki alijua bei ya dumu sawa na mtu wa Chanika. Katika hali hiyo mwanamume wa huku hufanya lile ambalo amelifanya sikuzote: hukipitisha kichwa majini kila aogapo, hukisugua kwa vidole, hupaka mafuta kidogo, na sabuni au shampuu huiweka kwa siku moja ya juma, mara nyingi kabla ya Ijumaa au Jumapili, au humwachia kinyozi. Chuo cha madaktari wa ngozi cha Marekani, kikiwashauri Wamarekani weusi, husema mara moja kwa juma au mara moja kwa majuma mawili. Wamefika hapo kwa darubini.

Mpaka wa desturi hii lakini upo, na vinyozi waujua. Jasho la mtu abebaye matofali kutwa au aendeshaye bodaboda ndani ya helmeti si jasho la karani, na akikaa juma zima na maji matupu atapata mba, kwani ukungu wa mba hulishwa na mafuta ya kichwa yaliyorundikana. Huyo aoshe mara mbili, na aiache shampuu ya dawa ikae dakika chache kabla ya kuisuuza. Mapunye ya watoto hayaponi kwa mafuta ya nazi wala kwa kuosha sana, bali kwa dawa ya kumeza ambayo hutolewa hospitalini. Vipele vya kisogoni, viwapatavyo wanaume wengi wenye nywele za kipilipili, huzidishwa na mashine inayonyoa karibu mno na ngozi, wala chupa yoyote haiviondoi mtu akiendelea kunyolewa upara kila juma. Na mashine yenyewe, ipitayo vichwa ishirini kati ya asubuhi na jioni ya Jumamosi, ndiyo ichukuayo maradhi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mteja mzoefu wa Chanika, akikaa kitini, haulizi habari ya shampuu. Hutazama kwanza kama kinyozi amepangusa meno ya mashine kwa spiriti, na kama hakupangusa, humwambia.